Sikio Lililopasuliwa Mara Mbili

Mwende mwanangu,

Mambo ya neti, dawa za malaria na soksi za kutosha mama yako ameshakuambia mara tatu, na nikisikiliza vizuri, huko jikoni anakuambia ya nne. Mimi hayo nayaruka. Nakuandikia kwa sababu leo saa nane mchana uliniuliza swali mbele ya wageni, na mimi, mtu mzima mwenye rafu nzima ya vitabu, niliinuka nikasema naenda kuangalia kama tangi la maji limejaa. Tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Unajua, nami najua kwamba unajua.

Uliona yaliyotokea, lakini hukupata maana yake. Tulikuwa tunakula muthokoi wa shangazi yako na nyama, watu wanakutania kwamba ukifika Juba utarudi na ng'ombe wa mahari, mara Mzee Gedi akaingia na mjukuu wake Yussuf nyuma yake. Mzee Gedi unamjua. Ndiye aliyekuletea maziwa ya mbuzi kila asubuhi ulipougua surua, tukiwa ndio kwanza tumehamia Kitengela. Hajawahi kukataa chai katika nyumba hii. Leo aliikataa. Aliweka kitabu changu juu ya meza katikati ya sahani, akakifungua mahali alipotia njiti ya kiberiti, akaweka kidole.

"Mwalimu, hii masikio ni ya ngamia yangu. Mimi nataka jina ya huyo mtu."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Mzee, watu wa kwenye kitabu hawana majina. Nilibadilisha yote."

"Farah alikuwa na jina," akasema, akageuka akatoka.

Hapo ndipo ulipouliza, na sauti yako haikuwa ya utani: "Daddy, kwani ulifanya nini? Na ndio hiyo kazi mimi naenda kufanya kesho?" Nikakimbilia tangi.

Nimekaa na swali lako tangu saa hiyo. Sijashtuka hivi tangu nizaliwe, na mimi ni mtu ambaye kwa miaka kumi na tano kazi yake imekuwa kusikiliza mambo ya kushtua na kuyaandika kwa utulivu.

Ngoja nianze mahali panapostahili.

Nilipoanza kusomea historia nilipenda vita vyenyewe: nani alipiga wapi, kwa bunduki gani. Baadaye nikagundua kwamba vita ni vifupi. Kirefu ni kinachofuata. Watu waliochomeana nyumba wanarudi kuteka maji kisima kimoja, wanaozeana, wanazikana, na kila mmoja amefunga mdomo. Hicho ndicho nilichotaka kukijua: mdomo ule umefungwaje, na unafunguliwaje. Kwa vita vya kaskazini vya miaka ya sitini sikuhitaji hata kusafiri sana. Wazee walioviona walikuwa hapa hapa, wameshuka na biashara ya mifugo, wana maduka na mazizi kati ya Kitengela na Kajiado. Kila Jumamosi nilibeba kinasa sauti changu kwenda kukaa nao sokoni. Wewe ulikuwa na miaka minane, ukiniandikia namba kwenye kaseti kwa kalamu ya wino mzito, ulimi umeutoa nje.

Mwaka ule nilikosa mchezo wenu wa kuigiza shuleni. Ulikuwa malaika, au mchungaji, hata leo sijui, na nimekuwa nikiona haya kukuuliza. Siku hiyo nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chumvi katika duka la dawa za mifugo la Mzee Noor. Ilikuwa ndiyo siku aliyonifungulia mdomo.

Noor na Gedi ni marafiki tangu utoto. Vita vilipochacha, Gedi alifungiwa kambini pamoja na watu wa kijiji chake, zaidi ya mwaka mzima, na ngamia wake wakabaki porini bila mtu. Noor aliwachukua. Mwanzoni, aliniambia, alikuwa anawatunza tu amrudishie mwenzake. Kisha ukaja ukame, wa kwake wakafa. Siku moja akawasha moto, akatia chuma, akawapiga chapa yake juu ya chapa ya Gedi. Sikio lililokatwa alama ya Gedi hakuweza kulibadilisha. Sikio likishakatwa limekatwa. Kwa hiyo akawapeleka mbali, akawauza kidogo kidogo, akabakiza majike wachache wa kukamua. Gedi alipotoka kambini, amekonda, hana hata mbuzi, Noor alimpelekea maziwa kila siku mpaka akapata nguvu.

"Maziwa ya ngamia yake mwenyewe, Mwalimu," aliniambia. "Na yeye akaniombea dua."

Alilia. Nikamwahidi kwamba hakuna atakayejua. Na kwa kweli nilifanya kazi ya kuficha, Mwende, usidhani nilikuwa mzembe. Nilibadilisha jina lake, kisima, mwaka, idadi ya watoto, nikamfanya muuza nguo. Chapa yake yeye niliiacha nje kabisa. Lakini nikaacha masikio. Niliandika kwamba ngamia wale waliingia zizini "na jina la mtu mwingine masikioni: la kushoto limepasuliwa mara mbili, la kulia limetobolewa chini." Sentensi hiyo unaijua. Ulipokuwa kidato cha pili uliwasomea shangazi zako Krismasi, bila kuangalia kitabu, na mimi nikajifanya natafuta chumvi ili wasinione nilivyovimba kichwa. Mwezi uliopita ulipoitwa kwa mahojiano ya kazi ya kurekodi simulizi za vita huko Juba, ulisema uliichagua kazi hii kwa sababu ya ukurasa huo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako. Nilionywa.

Kitabu kilikuwa bado kwa mhariri. Nilikwenda soko la mifugo na jirani yetu, marehemu Mzee Lemayian, yule aliyekuwa na ploti ya pembeni kabla ya kujengwa fleti. Palikuwa na ng'ombe aliyepotea, watu wamemzunguka. Lemayian akamshika sikio, akalikunjua, akasema yule ni wa familia fulani ya upande wa Mashuuru, na kabla ya saa sita mwenyewe akaja kumchukua. Nikashangaa kama mtoto. Akanicheka: "Mwalimu! Wewe unasoma vitabu, sisi tunasoma masikio. Hiyo ni kama kitambulisho."

Sisi kwetu Machakos babu yako alikuwa na ng'ombe watatu, wana majina kama watoto, na hakuna aliyehitaji kuwachanja ili kuwajua. Kwangu mimi sikio lililopasuliwa lilikuwa pambo la sentensi. Lakini siku ile sokoni lilikoma kuwa pambo. Nilielewa. Nilirudi nyumbani nikatoa mswada, nikasoma mstari ule, nikashika kalamu niukate. Na sikuukata. Mhariri alikuwa ameniandikia kwamba ndiyo sentensi bora katika kitabu kizima. Nilijiambia: kitabu ni cha Kiingereza, kitasomwa na maprofesa ambao ngamia wamemwona kwenye picha. Gedi hajui kusoma. Noor hajui kusoma. Nani atakayefika ukurasa huo?

Niliipenda ile sentensi kuliko nilivyowapenda watu wawili waliokuwa wanaishi dakika kumi kutoka getini kwangu. Nimeiandika hivyo wazi kwa sababu siwezi kuizunguka tena.

Aliyefika ukurasa huo ni Yussuf. Nilimkuta getini leo nilipokimbia kwa kisingizio cha tangi. Babu yake alikuwa ameshatangulia barabarani.

"Pole Mwalimu," akaniambia. "Ni mimi nilimsomea. Hiyo kitabu tulipewa chuoni, nikakuja nayo likizo ya Desemba. Nilidhani atafurahi kusikia stori za huko kwao."

"Akasemaje?"

"Aliniambia nirudie hapo kwa masikio. Nikarudia. Halafu akasema, ni Farah."

Farah ni mdogo wake Gedi, aliyekuwa anafuga huko Mashuuru. Wakati Gedi yuko kambini, Farah alikuwa kijana na alikuwa nje, huru. Mzee akapiga hesabu yake mwenyewe: ni nani mwingine angejua ngamia wako wapi? Tangu Desemba hakupokea simu ya ndugu yake. Hakumwambia sababu, maana kumtaja ndugu yako wa tumbo moja kuwa mwizi ni aibu inayokurudia mwenyewe. Akanyamaza tu. Farah alituma watu mara mbili kuja Kitengela kuuliza, "Nimekosa nini?" Wakarudi bila jibu. Mwezi wa sita Farah akafa. Mzee Gedi hakwenda kumzika.

Nilijua kwamba hakwenda, Mwende. Mji mzima ulijua. Nilimwona siku ile amekaa nje ya zizi lake saa ya maziko, nikamsalimia, nikajiambia labda ni magoti. Mimi! Mtu anayelipwa mshahara kujua kwa nini watu hawaendi kwenye mazishi ya ndugu zao!

"Sasa mbona amekuja leo?" nikamuuliza Yussuf.

"Juzi mjane wa Farah ametuma ujumbe. Amesema mzee wake aliapa kwa Mungu kabla hajafa, kosa lake halijui. Kutoka hiyo siku babu halali. Anasema kama si Farah, basi ni nani."

Nilishika chuma cha geti. Nakumbuka kulikuwa na joto, na vumbi la saruji limetanda upande wa Athi River kama kawaida, na wewe uko ndani unacheka na binamu zako kicheko cha kujilazimisha. Nikafikiri: mtu amekufa akiuliza swali, na jibu lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda changu, kaseti namba kumi na saba, kwa mwandiko wako.

Saa kumi nilikuwa dukani kwa Noor. Mngeniona mngesema naenda kununua dawa ya kupe. Alikuwa anampimia mteja dawa ya minyoo, nikangoja. Mteja alipotoka nikamwambia Gedi alikuja kwangu.

"Kwa sababu ya nini?"

"Ya kitabu. Amejua masikio. Jina hajui. Miezi yote hii alidhani ni Farah."

Noor alitafuta mahali pa kukaa kama mtu asiyeona. Akakaa. Kwa muda mrefu alikuwa anafuta mikono yake kwa kitambaa, mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Ndio maana hakukuja kuzika," akasema. "Mimi nilikuwa huko, Mwalimu. Watu waliuliza, ndugu yake ako wapi ashuke kwa kaburi ampokee. Hakuna ndugu. Nikashuka mimi. Mimi ndio nilimpokea Farah na hii mikono, nikamlaza."

"Wewe uliniahidi hakuna mtu atajua."

"Niliahidi."

"Sasa unataka nini?"

"Siwezi kumwambia bila ruhusa yako. Na kunyamaza siwezi tena."

Alifunga duka, na jua bado liko juu. Akaniuliza kama kaseti ninayo. Nikasema niko nayo. "Basi lete," akasema. "Mdomo yangu haiwezi kusema hiyo maneno mara ya pili. Hiyo mashini ndiyo ilisikia, hiyo mashini iseme."

Ndiyo maana uliniona nikipita sebuleni na sanduku la kaseti bila kumwangalia mtu.

Mzee Gedi alitupokea vizuri, na hilo lilinimaliza zaidi. Mkeka, mto wa kuegemea, chai ya maziwa. Noor alikaa mbali na mlango. Yussuf akatafuta betri, akaweka redio kaseti katikati yetu, akabonyeza.

Katika miaka yote hii, nimeisikiliza kanda ile mara nyingi. Nimeisikiliza kwa ajili ya Noor: maneno yake, mahali alipokaa kimya, mahali sauti ilipokatika. Leo kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya mtu mwingine. Kuna mtu kwenye kanda ile anayesema, "Endelea. Endelea, mzee," kwa haraka, kama mtu anayeona bakuli linakuja mezani. Noor anapofika kwenye maziwa na dua, sauti yake inakatika, na kabla hajamaliza kulia mtu huyo anasema, "Hiyo ni nzuri sana."

Ni mimi.

Mzee Gedi aliinua mkono. "Rudisha hapo."

Yussuf akarudisha. Maziwa ya ngamia yake mwenyewe, Mwalimu. Na yeye akaniombea dua. Hiyo ni nzuri sana.

"Nzuri nini, Mwalimu?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa lugha ngeni.

Nimesimama mbele ya mabaraza ya wasomi, nimejibu maswali ya watu wenye shahada ndefu kuliko barabara ya Namanga, na swali hilo sikulijibu. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa nimeshaiona sura ya tatu? Kwamba mtu alikuwa anavunjika mbele yangu nami nilikuwa nafikiri mahali pa kumweka?

Kanda iliisha. Noor alikuwa ameinama, kofia yake ameishika mkononi. Gedi alimwangalia, kisha akasema maneno machache kwa Kisomali, ambayo Yussuf hakunitafsiria na mimi sikuomba. Noor akalia kwa sauti, mzee mzima. Gedi akamsogezea kikombe cha chai.

Halafu akanigeukia mimi.

"Noor ni mwizi na ni ndugu yangu. Hiyo ya ngamia, sisi wawili tutamaliza na Mungu. Iko na njia yake, wazee wanajua. Lakini wewe, Mwalimu. Farah utanirudishia namna gani?"

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo tangu maghrib. Noor alichukua ngamia na akaogopa miaka arobaini. Mimi nilichukua ndugu, na nikapewa cheo.

Sikuandikii ili usiende. Gari litakuja asubuhi na utapanda, na nitakuwa na fahari. Huko Juba utakaa mbele ya watu waliotoka vitani juzi tu, na watakufungulia mdomo haraka, kwa sababu una uso wa mama yako, uso ambao watu wanauambia mambo. Itafika siku mtu atakuambia neno zito, na ndani yako kitu kitaruka kwa furaha. Kitaruka, hata kwa mtu mwema. Mimi nilikiacha kiseme. Sina dawa ya jambo hilo. Ningekuwa nayo ningekufungia pamoja na zile soksi. Najua tu kwamba ningemsomea Noor ule ukurasa kwa Kiswahili, kabla haujachapishwa, angefika kwenye masikio akaniambia, toa hiyo. Dakika tano. Sikumsomea kwa sababu nilijua atasema hivyo.

Kazi hii watu huiita ya kutunza kumbukumbu. Nimeifundisha hivyo. Leo naona aibu hata kulitamka jina hilo, labda kesho kutwa nitalipata lingine.

Tulipoinuka kuondoka, Mzee Gedi alimwambia Yussuf amtafutie gari la Jumamosi. Anakwenda Mashuuru kwa mjane wa Farah, kukaa mkekani, kuomba radhi ya mtu ambaye hayupo tena kuitoa. Nikasema nitamwombea. Akatikisa kichwa.

"Wewe unakuja. Na si mimi nitasema, wala si Noor. Utasema wewe. Kwa Kiswahili, huyo mama asikie. Na jina zote ziwe ile za ukweli."

Nikakubali. Kwa hiyo Jumamosi, wewe ukiwa umeshatua Juba, umeshaanza kazi, mimi nitakuwa nimekaa mbele ya mwanamke ambaye mumewe alikufa akiuliza amekosa nini. Nimeandika vitabu vitatu, Mwende. Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikitafuta sentensi ya kwanza ya kumwambia, na sina.

Baba yako